Plagini za televisheni: nani kaingia nyumbani bila hodi?

Baada ya darsa la Maghrib, hapa Kilakala mjini Morogoro, kijana mmoja alinisubiri mpaka wenzake walipoondoka, akaniuliza: "Ustadhi, nikiweka plagini kwenye seva yetu ya nyumbani, nikaangalia mechi bila kulipia king'amuzi, hiyo ni haramu?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Sikukosa dalili. Tatizo ni kwamba seva anayoizungumzia niliifunga mimi kwa mkono wangu nyumbani kwao, na kwangu ninayo kama hiyo, na plagini ya namna hiyo ilikuwamo humo tangu miezi minne iliyopita.

Ndugu msomaji, kwa asiyeijua, seva ya nyumbani si kitu cha ajabu. Ni kompyuta ya kawaida, hata iliyozeeka, inayokaa pembeni na diski kubwa iliyojaa video na sauti. Programu kama Plex au Jellyfin huzipanga, na televisheni na simu zote za nyumba huzifungua kwa Wai-Fai ya ndani bila kula bando. Mimi niliianzisha kwa ajili ya kanda za mawaidha alizoacha baba, zikiwamo za Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, Allah (s.w) amrehemu. Kanda zilianza kula ukungu, maana huku chini ya milima ya Uluguru unyevu hauna huruma. Nikazihamishia kwenye diski, na leo watoto wanasikiliza darsa ambazo mimi nilizisikia kwenye redio kaseti. Katika hilo sioni ila kheri.

Sasa plagini. Hiki ni kiprogramu kidogo kinachochomekwa ndani ya programu kubwa ili kuipa kazi mpya. Plagini ya televisheni huenda kwenye tovuti ya kituo, hujifanya mtazamaji wa kawaida, huchukua anwani ya mkondo wa picha na kuuleta kwenye seva yako. Kituo kikibadilisha tovuti yake, plagini hufa mpaka aliyeitunga airekebishe. Ndiyo maana mambo haya hayadumu. Plex yenyewe ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaachana na plagini. Kodi, programu iliyojulikana kwa jina la XBMC hadi mwaka 2014, inaziruhusu bado, lakini watunzi wake wamekuwa wakijitenga hadharani na wale wanaozitumia kwa wizi.

Hukumu basi inafuata kile kinacholetwa. Saudi Arabia hurusha matangazo ya moja kwa moja kutoka Msikiti Mtukufu wa Makka bure, kwa dunia nzima. Plagini ikikuletea hayo, imekufupishia njia tu. Kuna matangazo ambayo ni halali kwa watu wa nchi fulani peke yao, kama iPlayer ya BBC, iliyowekwa kwa walioko Uingereza, tena wenye leseni ya televisheni. Wapo wanaojifanya wako London ilhali wako Msamvu. Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali, nami naona kudanganya mahali ulipo ili upite mlangoni si jambo la kulichezea.

Lakini kijana hakuuliza habari ya Makka wala London. Aliuliza mechi. Mwezi Mei 2021 Azam Media na TFF walitiliana saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zina sehemu inayokwenda kwenye klabu, zikiwamo zile ndogo zisizo na mfadhili. Anayechukua picha ile bila idhini anakula kisicho chake, na aya ya 188 ya Suratul Baqara imekataza watu kuliana mali kwa batili. Mtu asiseme kwamba picha si mali kwa kuwa haishikiki. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali kisheria na haijuzu kuzivamia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inalinda matangazo ya vituo vya utangazaji. Huko Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua Aprili 2017 kwamba hata kuuza kisanduku kilichokwisha kutiwa plagini za wizi ni kuvunja haki hizo.

Nilipomweleza mzee mmoja wa mtaani, alinijibu: "Kijana wangu, hao ni matajiri, na wengine wala si Waislamu." Nikamkumbusha, kwa adabu, usiku wa Hijra. Maquraysh walikuwa wanataka kumuua Mtume (s.a.w), na bado alimwacha Ali (r.a) Makka ili awarudishie watu amana zao. Mzee akacheka, akasema lakini kifurushi ni ghali. Hilo kweli. Ila dharura inayohalalisha haramu ni ile ya njaa na uhai, si dabi ya Kariakoo. Vibanda umiza vipo, na redio ipo.

Kuna upande mwingine ambao binafsi ulinitisha zaidi. Suratun Nur, aya ya 27, inatutaka tusiingie nyumba za wengine mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe, na katika hadithi ya Sahl bin Saad (r.a), Mtume (s.a.w) alieleza kwamba idhini iliwekwa kwa ajili ya jicho. Aliyeitunga plagini simjui jina, nchi wala dini, na kila anapoibadilisha, yale mabadiliko huingia kwenye kompyuta yangu bila hodi. Septemba 2018 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza kwamba baadhi ya nyongeza za Kodi zilikuwa zimebeba programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni kwa kutumia mashine za watu, wenyewe wakiwa hawana habari. Umeme wako, faida ya mwingine! Na hapo hatujagusa picha. Binti yangu wa miaka minane alifungua orodha akitafuta katuni, akanijia kuniuliza maana ya jina la chaneli ambalo sitaliandika gazetini. Sikuwahi kuichagua chaneli hiyo. Ililetwa.

Usiku ule nilifuta plagini, nikafunga mlango wa ruta niliokuwa nimeufungua ili niione seva nikiwa safarini. Kanda za baba ziko palepale.

Ikabaki toba. Wanavyuoni wanasema haki ya mja haimaliziki kwa istighfari peke yake. Hurudishwa kwa mwenyewe. Nilihesabu miezi niliyotazama ligi, nikanunua king'amuzi na kulipia kifurushi cha miezi minne, na miezi hiyo sikukiwasha. Mke wangu aliona nimezidisha. Huenda.

Wiki ilipotimia nilikwenda kwa kina kijana, nikaiondoa plagini mbele ya baba yake na kuwaeleza niliyoyaeleza hapa. Kijana akaniuliza kama naye anadaiwa. Nilimwambia yeye aliuliza kabla ya kuiweka, mwenye deni ni mimi. Baba yake alinitazama, kisha akaniuliza kifurushi cha mwezi ni shilingi ngapi.