Kujenga Mandhari ya Mashamba ya Chai kwa Reli ya Mfano

Reli ya mfano inayokusudia kuonyesha nyanda za chai za Kericho na Bomet hukutana mapema na tatizo la jiografia. Njia halisi ya Nakuru hadi Kisumu, iliyofika ziwani Desemba 1901 wakati Kisumu ikiitwa Port Florence, hupita kaskazini mwa Kaunti ya Kericho: Londiani, Kipkelion, Fort Ternan. Haiingii mjini Kericho, na Bomet haina reli kabisa. Mwenye kutaka treni ipite katikati ya majani chai hana budi kubuni tawi, kwa mfano tawi fupi linaloachana na njia kuu Kipkelion na kuelekea kusini hadi kiwanda kimoja cha chai. Hakuna ubaya katika kubuni huko. Ila reli ikiwa ya kubuni, ardhi inayoizunguka lazima iwe ya kweli kabisa, maana hiyo ndiyo itakayomsadikisha mtazamaji.

Skeli huamuliwa kwanza. Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa mita 1, na kwa skeli ya 1:87 upana huo huwa milimita 11.5. Njia za mfano zenye upana wa milimita 12 hutengenezwa kwa ajili ya reli za mita moja za Uswisi, nazo zinafaa Kericho bila kubadilishwa. Mataruma yapakwe rangi ya kutu, kwani kwenye njia hii mengi ni ya chuma. Mataruma ya rangi ya mbao mbichi huonekana ya kigeni mara moja. Mwaka nao uchaguliwe mapema. Kibao cha stesheni kinachosema Lumbwa ni cha enzi ya ukoloni, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jina la Kipkelion, na kila kitu kingine mezani kitalazimika kukifuata kibao hicho.

Umbo la ardhi hujengwa juu ya fremu ya plaiwudi. Vipande vya kadibodi husukwa kama jamvi kati ya fremu na njia ya reli, kisha hufunikwa kwa magazeti yaliyochovywa kwenye gundi ya unga wa ngano, na mwisho plasta ya Paris hupakwa juu. Vilima vya Kericho ni vya mviringo. Miamba iliyo wazi ni michache, na kati ya kilima na kilima kuna bonde jembamba lenye kijito. Wajenzi wengi huharibu hapa kwa kuiga picha za Ulaya zenye majabali. Reli yenyewe isipande zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita, la sivyo injini ndogo itateleza ikivuta mabehewa.

Udongo mwekundu wa huku hauna rangi ya dukani inayolingana nao, hivyo ni bora kutumia udongo wenyewe. Huanikwa, hupondwa, huchujwa kwa kichujio cha chai, kisha huokwa ili kuua wadudu na mbegu. Baada ya hapo sumaku hupitishwa ndani yake mara kadhaa. Udongo mwekundu una chuma kingi, na punje zinazonaswa na sumaku zikiachwa zitavutwa na mota ya injini na kuiharibu. Gundi nyeupe ya mbao huchanganywa na maji kiasi sawa, pamoja na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili ipenye bila kusukuma vumbi. Rangi ya udongo hukolea kidogo hata baada ya gundi kukauka, kwa hiyo kipande cha majaribio kinahitajika.

Kazi kubwa ni chai yenyewe, na inastahili muda kuliko jengo lolote. Mchai ukiachwa huwa mti. Shambani hukatwa ubaki kichaka cha kimo cha kiunoni, na uso wake wa juu husawazishwa na uchumaji wa kila mara. Kwa 1:87 kichaka cha mita moja ni milimita 11 au 12. Mistari iliyopandwa sentimita 120 kutoka mmoja hadi mwingine huachana kwa milimita 14. Sponji ya godoro hukatwa vipande virefu vyenye upana wa milimita 13, huloweshwa kwenye rangi ya kijani iliyokolea, hukamuliwa na kuanikwa. Vipande hivyo hupinda kirahisi, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mistari ya chai mlimani hufuata kontua. Vikishagandishwa, uso wa juu peke yake hupitishiwa sponji yenye rangi ya kijani-manjano. Ubavu ubaki na kiza chake. Tofauti hiyo ya juu na ubavuni ndiyo inayofanya jicho lione chai badala ya zulia.

Hata hivyo, mlima mzima wenye kijani kimoja ni uongo. Kila sehemu ya shamba huchumwa tena baada ya siku 7 hadi 14 hivi, na sehemu jirani haziko siku moja katika mzunguko huo. Kwa hiyo sehemu inayosubiri wachumaji hung'aa kwa vichipukizi, iliyochumwa jana imebaki na majani makuu yenye kijani kizito, na iliyo katikati ina rangi ya katikati. Kisha kuna sehemu iliyopogolewa, jambo ambalo hufanywa kila baada ya miaka kadhaa: vijiti vya kahawia vya kimo cha goti, na matawi yaliyokatwa yakiwa yametandazwa chini kufunika udongo. Nyuzi za makumbi kutoka kwenye zulia la mlangoni, zikikatwa fupi na kusimamishwa kwenye gundi, huiga hali hiyo vizuri sana. Wachumaji huwekwa kwenye mpaka kati ya rangi mbili, kwa kuwa wao ndio wanaouleta mpaka huo. Mwenye kuonyesha miaka ya 1960 awape vikapu mgongoni. Mashine za kuchumia zilienea katika mashamba makubwa tangu miaka ya 2000.

Miti ni rahisi zaidi. Mikaratusi hupandwa kwa wingi ili kupata kuni za boila, nayo husimama karibukaribu, mirefu, mashina yakiwa meupe na majani juu tu. Waya wa kufungia ukisokotwa na kupakwa rangi unatosha. Kwenye mashamba madogo ya upande wa Bomet panahitajika pia ua wa misaiprasi, mabingobingo ya ng'ombe, na mahindi kidogo karibu na nyumba.

Kiwanda ndicho jengo kuu. Jengo la mita 80 lingechukua sentimita 92 za meza, kwa hiyo hufupishwa, au hujengwa nusu na kuegemezwa kwenye ukuta wa nyuma. Visivyoweza kuachwa ni sehemu ndefu ya kunyaushia majani, bomba la moshi la boila, rundo la magogo ya mikaratusi na uwanja wa malori. Mawimbi ya mabati huachana kwa milimita 76, yaani chini kidogo ya milimita 0.9 kwa skeli hii. Bolti ya milimita 5 ina nyuzi zenye nafasi ya milimita 0.8. Ikiviringishwa kwa nguvu juu ya karatasi ya alumini ya jikoni iliyolazwa kwenye mpira laini, hutoa mabati yanayokubalika. Karatasi hiyo ikatwe vipande vya milimita 34 kwa 9, sawa na bati la mita 3, na vipande vipandane kama fundi anavyofanya kwenye paa. Karatasi moja kubwa haitamdanganya mtu aliyewahi kuezeka.

Kituo cha kununulia majani kisisahauliwe. Ni banda dogo kando ya barabara ya murramu, lenye paa la mabati, pande wazi na mizani ya kuning'inia. Wakulima wadogo hupeleka mavuno yao hapo, na banda hilo moja huieleza Bomet kuliko kiwanda kizima.

Kwa daraja kuna mfano mzuri karibu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya American Bridge ya Marekani ilipewa kandarasi ya madaraja 27 ya chuma ya reli ya Uganda. Nguzo za aina hiyo, zilizotanuka chini na kuunganishwa kwa vyuma vya mshazari, hujengwa kwa pau nyembamba za plastiki, na nguzo ya mita 20 hufikia sentimita 23. Maji ya chini yawe ya kahawia hasa msimu wa mvua.

Ukuta wa nyuma huchorwa kwa tabaka: chai, kisha msitu wa Mau wenye kijani cha buluu, kisha mawingu mazito ya alasiri. Katika sehemu nyingi ukanda wa chai ya Nyayo, uliopandwa tangu miaka ya 1980, hutenganisha msitu na makazi, kwa hiyo mpaka wa tabaka hizo mbili unaweza kuchorwa ulionyooka bila kosa. Taa kuu ining'inizwe juu kabisa ya meza. Kericho iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, na saa sita mchana kivuli cha mkaratusi huangukia karibu na shina lake.