Miche ya Kugawana: Kuchagua, Kupima na Kuotesha Mbegu Nyumbani

Mkoa wa Katavi hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Kwa kawaida mvua huanza mwezi Novemba na kukoma Aprili, na baada ya hapo bustani hutegemea visima na unyevu wa mabonde ya mito kama Katuma. Kwa sababu hiyo, mbegu isiyoota mjini Mpanda, Usevya au Inyonga humgharimu mnunuzi zaidi ya bei ya pakiti: humpotezea msimu, na msimu mwingine uko mwaka mmoja mbele. Pale miche inapokuwa imekusudiwa kugawiwa jamaa na majirani, hasara ya kitalu kimoja huenea katika nyumba nne au tano.

Desturi ya kugawana miche na mbegu ni ya zamani katika mkoa huu, nasi tunaiunga mkono. Ni nafuu, na huwafikishia watu aina za mazao ambazo hazipo madukani. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuifanya bila kugawa pia ugonjwa, sumu au matumaini yasiyo na msingi.

Mbegu unayonunua

Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa huwa na lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI). Kabla ya kulipa, soma jina la zao na la aina, namba ya fungu, uzito, asilimia ya uotaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lebo zenye sehemu ya kukwangua hukuwezesha kuhakiki mbegu kwa simu. Fuata maelekezo yaliyochapishwa juu yake ukiwa ungali dukani. Angalia pia mahali pakiti ilipokuwa. Pakiti iliyoning'inizwa mlangoni kwenye jua la Oktoba imeanza kuharibika hata kama tarehe yake haijapita, kwa maana joto na unyevunyevu ndivyo vinavyoiua mbegu. Wataalamu wa hifadhi ya mbegu wana kanuni nyepesi: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka takriban mara mbili, na kila joto la mahali inapohifadhiwa linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo.

Mbegu za kupimiwa kwa kijiko mnadani, kutoka katika kopo lililofunguliwa, hatuzipendekezi. Huenda zikawa nzuri. Lakini ukishazimimina katika kipande cha gazeti huna tena jina, fungu wala tarehe, na huna wa kumwuliza zisipoota. Iwapo uwezo hautoshi kununua pakiti nzima, ni bora majirani wawili au watatu wachange, wanunue pakiti moja iliyofungwa, na wagawane miche badala ya mbegu.

Ipo pia mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora, inayozalishwa na wakulima waliosajiliwa na kukaguliwa, hususan ya mazao kama maharage na mpunga. Kwa familia nyingi hii ndiyo njia ya kati iliyo njema: bei ni ya chini, nayo imetoka katika shamba lililokaguliwa.

Mbegu unayoitunza mwenyewe

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kama mbegu za tunda au mazao yaliyonunuliwa zinaweza kukamuliwa na kupandwa tena. Jibu hutegemea aina. Mbegu chotara, ambayo kwenye pakiti huandikwa F1, huzaa vizuri mara moja. Ukiikamua na kuipanda tena, watoto wake hutofautiana wao kwa wao: mmoja huzaa, mwingine hudumaa. Kumpa jirani miche ya namna hiyo kwa jina la aina uliyoinunua ni kumdanganya, hata kama hukukusudia. Mbegu zisizo chotara za nyanya, maharage, kunde na mpunga hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo hurudia tabia ya mama. Mahindi, maboga na matango huchavushwa na upepo au nyuki kutoka mashamba ya jirani, na hayo hubadilika upesi.

Kabichi ni jambo la pekee. Huhitaji kipindi cha baridi ya kutosha ili itoe maua, na joto la nyanda za Mpanda halitoshelezi hitaji hilo. Atakayekungojesha mbegu ya kabichi ya bustanini kwake atakungojesha sana, hiyo inunue.

Mbegu ya kutunza ichukuliwe kwenye mimea kadhaa iliyo na afya, wala si kwenye mmea mmoja. Nyanya iive hadi ilainike, ikamuliwe ndani ya chombo, iachwe siku 2 au 3 ichachuke ili utelezi uachane na mbegu, kisha ioshwe na kuanikwa kivulini. Mbegu ya papai nayo huwa na ngozi laini yenye utelezi inayozuia uotaji; isugue na majivu au mchanga hadi itoke. Hifadhi katika chupa au kopo linaloziba barabara, ukitanguliza chini yake mkaa mkavu au mchele uliokaangwa na kupozwa, ambavyo hunyonya unyevu. Mbegu ya kitunguu haikai. Ukipita mwaka mmoja usiitegemee. Ya nyanya iliyokaushwa vema huvumilia miaka kadhaa.

Parachichi na embe zisianikwe kabisa. Mbegu zake hufa zikikauka, hivyo zipandwe ndani ya siku chache baada ya tunda kuliwa. Na mwambie unayempa mche ukweli wake: parachichi la mbegu halifanani na tunda lililolizaa, na huchukua miaka mingi kuzaa. Mche wa mbegu ni shina zuri la kubebeshea. Kwa anayetaka aina fulani, mche uliobebeshwa ndio wa kununua.

Jaribio la mbegu 50

Hakuna hatua ya nafuu zaidi ya hii, wala inayopuuzwa zaidi. Hesabu mbegu 50 bila kuchagua zilizo nene. Zipange juu ya kitambaa safi kilicholowana, kikunje, kiweke ndani ya bakuli lililofunikwa, mahali penye joto pasipo jua. Kilowanishe kila siku bila kukifurikisha. Mchicha huanza kuota ndani ya siku 3 hadi 5. Nyanya huhitaji kama siku 6 hadi 10. Papai laweza kuchukua wiki 2 hadi 4. Hesabu zilizotoa mzizi mzima, zidisha kwa 2, nawe umepata asilimia ya uotaji.

Tuseme zimeota 30, yaani asilimia 60, nawe unataka miche 40 ya nyanya: 10 yako na 10 kwa kila nyumba tatu za jirani. Tuchukulie kwamba robo ya miche itapotea kitaluni kwa kuku, ukungu na jua. Ukisia mbegu 90, zitaota takriban 54, na baada ya hasara utabaki na 40. Anayesia 40 akitarajia 40 ndiye ambaye baadaye hulazimika kuchagua ni jirani yupi atakosa. Ikiwa zimeota pungufu ya nusu, tunashauri utafute mbegu nyingine. Miche itokayo katika fungu lililochoka huwa dhaifu hata ile iliyoota.

Fanya jaribio hili mwezi mmoja kabla ya kusia, wakati ungali na nafasi ya kurudi dukani.

Kitalu

Mboga za kiangazi husiwa mvua zinapoelekea ukingoni, Aprili na Mei. Miche ya miti husiwa Julai na Agosti ili iwe imekomaa mvua zinaporudi. Maana yake ni kwamba utaimwagilia katika miezi mikavu kuliko yote, hivyo panga idadi kwa kadiri ya ndoo za maji unazoweza kuzibeba. Tumeona vitalu vikubwa vikikauka Septemba na vidogo vikifika Desemba.

Changanya debe 3 za udongo wa juu, 2 za samadi iliyoiva na 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Viriba vya miche havimo katika katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea lililoanza tarehe 1 Juni 2019, kwa kuwa vifungashio vya kilimo viliachwa nje. Hata hivyo kopo kuukuu lililotobolewa chini, au gome la mgomba lililofungwa mfano wa kikombe, hufaa vilevile. Funika kitalu kwa nyasi hadi mbegu ziote, kisha zihamishie juu ya kichanja ziwe kivuli. Nyanya huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6. Wiki moja kabla ya kugawa, punguza kivuli na maji kidogo kidogo. Mche uliozoea kivuli ukipelekwa moja kwa moja kwenye jua hufa mikononi mwa aliyeupokea, naye hudhani mkono wake ni mbaya.

Kile usichopaswa kugawa

Mbegu nyingi za dukani hupakwa dawa ya kuua wadudu au ukungu, na hutiwa rangi nyekundu, kijani au bluu ili zitambulike. Haziliwi. Kuziosha hakuondoi sumu, na wala zisipewe kuku. Hatari huwa kubwa mwezi Januari na Februari, ghala linapokuwa tupu na mahindi mabichi bado hayajakomaa, huku mabaki ya mbegu yakiwa yamekaa kwenye mfuko pembeni ya jiko. Ukimpa jirani mabaki hayo, mpe yakiwa ndani ya pakiti yake yenye onyo, na umwambie kwa kinywa, hasa ikiwa nyumbani kwake hakuna asomaye. Usiyahamishie katika kopo la chakula. Aliyekula mbegu hizo apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na pakiti, ili mganga aone jina la dawa.

Jambo la pili ni udongo. Mnyauko wa bakteria wa nyanya huishi ardhini na husafiri ndani ya udongo ulioshikamana na mizizi ya mche. Nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha yake katika glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, usigawe mche wowote wa kitalu kile: wa nyanya, bilinganya, pilipili wala nyanya chungu. Kataa kwa upole, na ueleze sababu. Jirani anaweza kukasirika leo, lakini ardhi iliyoambukizwa itamsumbua kwa miaka.

Kagua majani pia. Yule mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, huchimba vijia vyeupe ndani ya jani la nyanya na husafiri na miche. Pingili za muhogo zenye majani ya batobato, au zilizotoka kwenye mashina yenye mizizi yenye madoa ya kahawia, zisitoke shambani mwako. Ukiona dalili usizozifahamu, mwite ofisa ugani wa kata.

Kila kundi la miche unalotoa lifuatane na kikaratasi chenye mambo manne: jina la mmea na aina yake, tarehe ya kusia, kama mbegu ni chotara, na mahali ilipotoka. Kwa mipapai ongeza la tano: wapande miche 3 kila shimo na wapunguze baada ya maua kuonekana, maana katika aina nyingi dume na jike hawatambulikani kabla ya hapo. Na anayepewa mche wa mninga aambiwe kwamba shina lake laweza kukauka hadi ardhini kila kiangazi kwa miaka kadhaa ya mwanzo, huku mzizi ukiwa hai. Miche mingi ya mninga imeng'olewa kwa kudhaniwa imekufa.

Kugawana kunapogeuka biashara

Kitalu kizuri huvuta wateja. Anayeanza kuuza mbegu huingia chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, ambayo humtaka mfanyabiashara wa mbegu asajiliwe na mbegu zake zithibitishwe. Kabla ya kupokea fedha ya kwanza, fika ofisi ya kilimo ya halmashauri yako uelezwe hatua za kufuata. Kwa miti ya misitu, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) huuza mbegu zenye chanzo kinachojulikana.

Nawe mnunuzi, mbegu za dukani zisipoota, usitupe chochote. Tunza risiti, pakiti, lebo na mbegu zilizobaki, hata kama ni konzi moja. Piga picha ya kitalu. Andika tarehe uliyosia, na matokeo ya jaribio la mbegu 50 ikiwa ulilifanya. Anza kwa muuzaji. Asiposikia, peleka malalamiko kwa ofisa kilimo na TOSCI, ukitaja namba ya fungu. Kwa namba hiyo mkaguzi anaweza kuzitafuta pakiti nyingine za fungu lilelile zilizo bado katika maduka ya Mpanda, kabla wengine hawajazinunua.