Una Nini Nyumbani? Somo kwa Mama Anayelea Peke Yake

Soma kwanza: 2 Wafalme 4:1–7



Mama wa somo letu alikuwa mke wa mtu aliyemcha Mungu. Mume akafa, akaacha deni, na mdai akaja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Tuanzie hapo, maana bado tunanong'ona kwamba mama mwenye madeni lazima alitapanya pesa. Biblia haimlaumu huyu hata kwa neno moja.

Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Akajibu hana kitu, ila chupa ya mafuta. Sisi wauguzi hatutoi dawa kabla ya kupima, na pesa ni hivyo hivyo. Chukua taarifa za benki za miezi mitatu, andika kinachoingia na kinachotoka. Na ufunge mlango kama alivyofunga yeye. Hesabu ya nyumba yako haihitaji mashemeji wala kundi la WhatsApp. Watoto, lakini, walikuwa ndani wakimletea vyombo. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuambiwa kwamba mwezi huu hakuna viatu vipya, bila kubebeshwa hofu yako.

Chupa nyingine tunazisahau. Ukiwa mtu mzima pekee nyumbani, kodi ya kaunsili inapungua kwa asilimia 25, lakini ni lazima uombe. Child Benefit ikiwa bado inaingia kwa baba aliyehama, na watoto wanaishi nawe, omba wewe. Mtoto akiwa chini ya miaka 12, maombi hayo yanakuhesabia pia miaka ya pensheni ya serikali hata kama hufanyi kazi. Ila kama viza yako inakataza fedha za umma, ongea na mshauri wa uhamiaji kabla ya kuomba Child Benefit.

Sasa madeni. Anayepiga simu kila siku si lazima awe ndiye anayeweza kukudhuru zaidi. Kodi ya nyumba, kodi ya kaunsili, umeme na gesi vinatangulia. Nguo za mkopo zinaweza kusubiri. Tangu Mei 2021 kuna mpango unaoitwa Breathing Space: mshauri wa madeni akikuandikisha, wadai wengi wanasimamisha riba na hatua za kukufuatilia kwa siku 60. Kodi ya mwezi unaoendelea unaendelea kulipa. Citizens Advice na StepChange hawatozi chochote, kwa hiyo mtu akikudai ada ili akusaidie na madeni, mwache.

Akaunti ya pamoja na mwenzako wa zamani isikae wazi. Akichota mpaka ikaingia kwenye deni, benki inaweza kukudai wewe deni lote, si nusu. Waambie benki mmetengana, uliza jinsi ya kuizuia, na mshahara wako uingie kwenye akaunti ya jina lako peke yako.

Kuna na yule wa mtaani anayekopesha bila karatasi, akashika pasipoti yako au kadi ya benki. Huyo ndiye anayefanana na mdai wa somo letu. Kukopa kwake si kosa lako kisheria. Kosa ni lake, kukopesha bila kibali. Kikosi kinachowafuatilia watu hawa Uingereza nzima kiko hapa hapa Birmingham, kinaitwa Stop Loan Sharks, na unaweza kuongea nacho kwa siri.

Jambo la mwisho najua litaleta kelele. Mafuta yalipouzwa, deni lililipwa, kisha mama na wanawe wakaishi kwa kilichobaki. Sisi tunaanza na Kigoma, Bukavu au Kisumu, halafu tunatafuta kodi. Upatu, likelemba, chama, vyote ni vizuri, lakini weka kiasi ambacho kodi haitakigusa. Mwambie mama yako kijijini kiasi kamili unachoweza kila mwezi. Wengi wetu hatujawahi kumtajia. Tunatuma kila simu inapolia.

Kwa vikundi vya nyumbani: kwa nini Elisha aliuliza kabla ya kutenda? Vyombo vilitoka kwa majirani. Sisi tunamwazima nini mama wa jirani anayelea peke yake, labda saa mbili za kumshikia mtoto akiwa zamu ya usiku?

Jumapili ijayo baada ya ibada nitakuwa chumba cha nyuma na daftari na kikokotoo. Njoo na barua zako, hata zile ambazo hujazifungua.