Nyota Kibete na Sayari Yake

Mwezi wa Juni, baridi inapokaza huko Tunduma na Mbozi, watu huota moto jioni. Moto wa magogo makubwa humpasha joto hata aliyekaa mbali. Moto wa vijiti vichache sharti uukaribie. Na aukaribiaye sana huweza kurukiwa na cheche.

Sasa toka nje yapata saa tatu usiku, mbingu zikiwa hazina mawingu, utazame kusini. Utaona nyota mbili angavu zilizokaribiana. Ile ya kushoto, yenye kung'aa zaidi, huitwa Rijili Kantori. Karibu nayo ipo nyota nyingine usiyoweza kuiona bila darubini. Iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes, mtaalamu wa nyota aliyefanya kazi Johannesburg, Afrika ya Kusini. Ilipewa jina la Proksima, maana yake "iliyo karibu kabisa", kwa kuwa ukiacha Jua, hakuna nyota ijulikanayo iliyo karibu nasi kuliko hiyo. Lakini karibu huku si kama kwenda Mbeya! Basi liendalo kilometa 80 kwa saa bila kusimama lingechukua zaidi ya miaka milioni 50 kufika huko.

Proksima ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo yenye joto hafifu na mwanga mwekundu. Upana wake ni kama sehemu moja ya saba ya upana wa Jua. Huo ndio moto wa vijiti.

Mwaka 2016 wataalamu waliotumia darubini iliyoko Chile walitangaza kwamba Proksima ina sayari. Hawakuiona sayari yenyewe. Waliona nyota ikiyumba kidogo sana kwa kuvutwa nayo. Sayari hiyo ina uzito usiopungua ule wa Dunia, na huizunguka nyota yake kwa siku 11 tu. Dunia iko kilometa milioni 150 kutoka kwenye Jua. Sayari hii iko kilometa milioni 7 hivi kutoka kwenye nyota yake. Kwa ukaribu huo yaweza kupata joto la kutosha maji yasigande yote, na bila maji hakuna kiumbe hai tunachokijua.

Lakini zikumbuke zile cheche. Mara kwa mara Proksima hulipuka na kurusha mionzi mikali. Huenda mionzi hiyo imekwisha kuipokonya sayari hewa yake, na pasipo hewa maji hayadumu juu ya ardhi. Kama hewa ingaliko, bado haijathibitishwa.

Maswali
1. Kwa nini sayari ya kibete chekundu sharti iwe karibu na nyota yake ili ipate joto?
2. Wataalamu walijuaje kwamba sayari ipo, na hali hawakuiona?
3. Je, ungetafuta nini kwanza katika sayari hiyo: maji au hewa? Toa sababu.