Deni la Kodi Lisiwe Siri ya Mmoja

Wanandoa, ugomvi wa fedha nyumbani mara nyingi hautokani na ubadhirifu, bali na deni ambalo mmoja amelijua akalinyamazia. Mwezi huu tutazame deni la kodi ya mapato.

Tuchukue mfano. Mama ameajiriwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Jioni anafundisha mahali pengine kwa 20,000. Mwajiri wa pili hana habari za wa kwanza, hivyo anahesabu asilimia 10, yaani 2,000, kisha anaondoa nafuu ya 2,400. Kodi inakuwa sifuri. Lakini nafuu ni moja kwa kila mtu, na mwajiri wa kwanza amekwisha kuitoa. Mapato yakiunganishwa, zile 20,000 zinatozwa asilimia 30. Basi kila mwezi zimepungua shilingi 6,000. Kwa mwaka, 72,000. Na fedha hizo zimekwisha kulipa karo.

Baba, usianze kwa kufoka. Karo ile ni ya watoto wenu wote wawili. Nawe mama, usingoje mumeo aikute barua kabatini. Fanyeni hivi:

1. Kusanyeni fomu za P9 za waajiri wote, mjumlishe pamoja mezani.

2. Mama awasilishe ritani kwa PIN yake kabla ya Juni 30 kupita. Kama alikwisha kupeleka yenye kasoro, airekebishe.

3. Baki ya kodi hutakiwa kufikia Aprili 30. Ukichelewa kuna faini ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa deni letu ni faini ya 3,600, na riba ya 720 kila mwezi. Kunyamaza kuna gharama.

4. Fedha zikikosekana, ombeni Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kulipa kwa awamu. Msiahidi kiasi msichokiweza.

5. Mwajiri wa pili aelezwe kwamba nafuu inatolewa kwingine. Kodi itakayozidi kupungua, iwekeeni akiba kila mwezi.

Maswali ya kujadiliana:

Je, kila mmoja wetu anajua mapato yote ya mwenzake?

Barua ya deni ikija leo, nitamwonyesha mwenzangu jioni hii hii? Kama sivyo, ninaogopa nini?