JE, MTOTO WAKO ANASIKIA?

Wazazi, mtoto kiziwi hulia kama watoto wengine. Kulia si dalili ya kusikia.

Mchunguzeni mapema. Mtoto mchanga akisikia kishindo hushtuka. Akifika miezi sita hugeuza kichwa kutafuta sauti. Mama ampakate. Baba akae nyuma ya mtoto, asionekane, atikise kopo lenye mahindi. Atikise upande wa kulia, kisha wa kushoto.

Asiposhtuka au asipogeuka, msingoje aanze kusema. Mpelekeni zahanati. Baadhi ya hospitali kubwa zina chombo cha kupima masikio ya mtoto mchanga akiwa amelala. Hakiumizi. Msimtie kitu chochote masikioni.

Mtoto aliyegunduliwa mapema hufundishwa lugha, hata ya ishara. Aliyecheleweshwa huitwa mjinga bure.