Mama ameuzwa, mwana ameachwa bondeni

Barua za mwezi huu zinafanana, ziwe zimetoka Mlandizi, Magindu, Msanga au Maneromango. Mwanakondoo wa miezi 2 manyoya yamemsimama, chini ya taya kumevimba maji, na asubuhi anakutwa amelala hainuki. Kila mwandishi anauliza dawa gani. Mimi nauliza mama yake yuko wapi.

Mara nyingi ameshauzwa. Miaka hii Idd el Haji inaangukia mwishoni mwa masika, na dalali huanza kuzunguka vijijini mwezi mzima kabla. Hachagui anayenyonyesha. Tena hutumia ukondefu wa mama huyo kushusha bei, kisha anamfikisha mnada wa Pugu na kutaja bei nyingine kabisa. Mfugaji anahesabu noti, na nyuma yake mtoto wa wiki 6 ameachishwa ziwa kwa usiku mmoja.

Wiki 6 ni mapema mno kwa kondoo wetu wa kienyeji. Tumbo la kwanza, linalosaga majani, bado halijakomaa kumtosheleza. Ngoja miezi 3, au afike kilo 10 hivi, na awe amezoea kula. Mazoea hayo yanaanza wiki ya 3: zungushia kona ya banda, acha tundu la kumpitisha yeye na kumzuia mama, weka humo pumba za mahindi, mashudu kidogo na majani ya lusina. Usimpe madini ya ng'ombe wa maziwa. Mengi yana shaba, na shaba ikizidi humuua kondoo.

Juu ya kosa hilo la kumwachisha mapema linaongezwa la pili, nalo ndilo linalonikera zaidi. Kwa kumhurumia yatima, mfugaji anampeleka kwenye majani laini ya bonde la Ruvu, au palepale kundi lilipolishwa tangu mvua za kwanza. Kwa joto na unyevu wetu, mayai ya minyoo yaliyo kwenye kinyesi huwa vijinyoo tayari kwa wiki moja tu, navyo hupanda majani kwa umande. Vingi hubaki chini, kwenye majani mafupi ambayo mwanakondoo huyapenda. Vikifika tumbo la nne vinafyonza damu. Funua kope: ikiwa nyeupe, damu imekwisha.

Mpeleke mwinukoni, umande ukishakauka, kama saa 4. Chini ya mikorosho panafaa kabla msimu wa kupuliza dawa haujaanza. Malisho yapumzike wiki 5 au 6, maana katika hali yetu ya hewa vijinyoo vingi hufa ndani ya muda huo. Ukirudi baada ya siku 10 umevikuta vimeiva.

Wanaoniuliza kuhusu kondoo wa Dorper wakumbuke utafiti wa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990: kondoo wekundu wa Kimasai walihimili minyoo kuliko Dorper, na watoto wao walikufa wachache. Hewa ya Diani ni kama yetu.

Dawa ya minyoo ipimwe kwa uzito, si kwa kukadiria na kizibo cha soda. Dozi pungufu huacha minyoo sugu. Usinunue ya kumiminwa kwenye chupa sokoni. Mwite afisa mifugo wa kata. Na kama mama ameshauzwa, yatima wabaki bandani wiki 3 zijazo, wakatiwe majani marefu ya mwinukoni, wapewe pumba na mashudu asubuhi na jioni.